Mtoto aliyekimbia vita asiachiwe 'mjomba' wa stejini

Mhariri,

Watoto wanaokimbia vita wakiwa peke yao huonekana kwenye runinga zetu kama jambo la Marekani. Mwaka wa fedha wa 2014, walinzi wa mpaka wa kusini wa nchi hiyo walishika zaidi ya watoto 68,000 waliosafiri bila wazazi, wengi wao wakitoka Honduras, Guatemala na El Salvador, ambako magenge huwapa vijana wadogo wachague kujiunga au kuuawa. Msomaji wa Nakuru hutazama, husikitika, kisha hubadilisha chaneli. Lakini hapa petu kuna barabara mbili zenye watoto wa aina hiyo hiyo: ile inayoshuka kutoka Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, kupitia Lodwar, Kapenguria na Kitale, na ile ya malori inayotoka Malaba kupitia Eldoret hadi Nakuru. Wengine huingilia Busia na kuishia Kisumu.

Sisi ni wahudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto. Tunaandika kwa sababu hatari ambayo wakazi wa miji hii wanaweza kuizuia haiko Jonglei ya Sudan Kusini wala Kivu ya Kongo. Iko hapa, kati ya saa mtoto anaposhuka garini na saa jina lake linapoandikwa na mtu mwenye mamlaka ya kuliandika. Na wanaoharibu mambo katika muda huo si wahalifu peke yao. Mara nyingi ni watu wema wenye haraka.

Wanakotoka kunajulikana. Sudan Kusini iliingia vitani Desemba 2013 na mapigano yakarudi Juba Julai 2016. Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023. Mashariki mwa Kongo, waasi wa M23 waliteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba watoto ni takriban asilimia 40 ya watu wote waliolazimika kuhama makwao duniani, ilhali hawafiki hata thuluthi moja ya watu wote. Tena Kenya si mgeni wa jambo hili. Kambi ya Kakuma yenyewe ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia, wakafurushwa huko baada ya mtawala wa nchi hiyo, Mengistu, kuanguka 1991, wakatembea tena hadi Turkana. Nakuru nayo ilipokea waliofukuzwa makwao katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mwanzoni mwa 2008, wakiwemo watoto waliopotezana na wazazi wao. Mji huu una watu wazima wengi wanaojua hali hiyo vizuri kuliko sisi.

Tuanze na huyo 'mjomba' wa stejini, mtu anayejitokeza kumpokea mtoto akidai ni ndugu yake. Familia nyingi za Sudan Kusini hupanga nyumba Nakuru, Eldoret na Kitale ili watoto wasome. Kwa hiyo mtoto akishuka stejini na kusema anamsubiri mjomba, huenda ni kweli. Ukweli huo ndio unaomfaa tapeli. Kondakta amechoka, abiria wanataka gari liondoke, mtu mzima anatokea akizungumza lugha ya mtoto, anamshika mkono, basi. Hakuna aliyeandika kitu. Kuanzia hapo msichana anaweza kuwa yaya asiyelipwa katika nyumba yenye geti refu, au akaozwa, au akauzwa kwa wanaume kwenye vituo vya malori. Mvulana hupelekwa kuchunga au kubeba mawe, au simu hupigwa kwa jamaa yake aliye ng'ambo ikidai pesa ili aachiliwe. Mara nyingine hakuna anayetumia nguvu: mtoto huambiwa kwamba nauli yake ni deni, na atalilipa kwa kazi.

Namna ya kupima si ngumu, ila inahitaji dakika kumi na mahali pawili. Mtenge mtoto na mtu mzima, kila mmoja asiweze kumsikia mwenzake. Mwulize mtoto: mjomba anaitwaje, ni ndugu wa nani, ulimwona lini mara ya mwisho, mama yako huitwa nani nyumbani, ulizaliwa wa ngapi. Kisha umwulize mtu mzima maswali yale yale. Kwa Wanuer na Wadinka jina la mtu hufuatwa na la baba, halafu la babu, na kuendelea juu. Ndugu wa baba huyataja majina hayo bila kufikiri. Anayekwama kwa babu ana maswali ya kujibu. Lakini angalieni: ndugu wa mama hatakuwa na ukoo huo wa majina, hivyo mwulize habari za upande wa mama, wala usimwite mwongo kwa sababu majina hayafanani. Mtoto akitazama chini au akimtazama mtu huyo kabla ya kujibu kila swali, hilo nalo liandike.

Hata majibu yakilingana, si kondakta, si mwendeshaji boda na si sisi wa kumkabidhi mtoto. Anayeruhusu ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo, baada ya kuona kitambulisho na mahali mtoto atakapolala. Mjomba wa kweli hukasirika kidogo, halafu husubiri. Yule mwingine hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Na tukumbushane kwamba chini ya Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili, na kukubali kwa mtoto si utetezi.

Kosa la pili linatoka kwa watu wenye roho safi: picha. Mtoto anaonekana, anapigwa picha ya uso, picha inawekwa Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na jina, kabila na jina la steji alipo, na ombi kwamba "tusambaze hadi wazazi wapatikane". Fikirini anayeiona. Wazazi ambao wako porini au kambini bila intaneti hawataiona. Wataiona madalali, na wakati mwingine wataiona wale wale waliofanya mtoto akimbie, kwa sababu vita vya kikabila vina wafuasi hata huku. Kesho yake wanafika "wazazi" watatu, wote wakijua jina na kabila, kwani mmewapa. Picha ikishasambaa haifutiki. Kama ni lazima picha ipigwe, mpe afisa wa watoto au Shirika la Msalaba Mwekundu, usimpe mwingine.

Kazi ya kutafuta familia ina wenyewe. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufanya hivyo bila malipo, ukishirikiana na vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi nyingine na kamati ya kimataifa iliyoko Geneva. Hupeleka ujumbe, hulinganisha majina, na hawatoi mahali mtoto alipo kwa kila anayeuliza. Huchukua wiki, miezi, hata miaka. Ndiyo, ni polepole kuliko WhatsApp.

Utafutaji huo hufaulu au kukwama kutegemea karatasi ya siku ya kwanza, na hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo watoto wengi hupotelea. Karani wa Kenya anataka majina matatu na tarehe ya kuzaliwa. Mtoto hajui tarehe, anaandikiwa 1 Januari. Mwingine naye vivyo hivyo. Ndiyo maana wakimbizi wengi wa Sudan duniani husherehekea siku moja ya kuzaliwa. Jina linasikika vibaya na linaandikwa kama lilivyosikika: Gatluak kwenye daftari la polisi, Gatlwak hospitalini, Gadluak kwa chifu, na kompyuta inahesabu watoto watatu. Mwingine anapewa jina la ubatizo ambalo mama yake hajawahi kumwita nalo, na mama akiulizwa Kakuma kama ana mtoto kwa jina hilo, anasema hana.

Basi andikeni hivi. Jina analoitwa na mama, kwanza. Kisha jina la baba, la babu, na la mama mwenyewe. Jina la utani, kama lipo. Jina la kijiji, si la jimbo tu, na kitu kilicho karibu nacho: mto, soko, kanisa, kisima, shule. Majina ya ndugu na nani alibaki wapi. Badala ya tarehe ya kuzaliwa, tafuta tukio: alikuwa anatembea au anabebwa mgongoni mafuriko yalipokuja, alikuwa darasa gani shule ilipofungwa. Rudia jina kwa sauti hadi mtoto akubali matamshi, kisha liandike kwa herufi kubwa na ulinakili vivyo hivyo kila mahali. Alama za mwili ziandikwe pia, ila mtoto asivuliwe nguo stejini ili mtu aone kovu. Inashangaza kwamba jambo hilo linahitaji kusemwa.

Mtazame alichobeba. Watoto hawa wengi wana namba ya simu mahali fulani, imeandikwa kwenye kipande cha katoni, ndani ya mshipi, kwenye pindo la gauni au kwa kalamu mkononi. Jasho na mvua huifuta. Inakilini mara moja kabla mama mwema hajamfulia nguo. Tarakimu za mwanzo zinasema mengi: 211 ni Sudan Kusini, 249 Sudan, 243 Kongo, 257 Burundi, 256 Uganda, 251 Ethiopia. Namba ya 254 ni ya hapa hapa Kenya, na hiyo ndiyo ya kuishuku zaidi, kwa maana aghalabu ni ya aliyepanga safari. Msiipige. Ukipiga umemwambia dalali mzigo wake uko wapi.

Sasa mwili wake. Kabla ya maswali yoyote, maji. Akiwa anahara au ametapika na hakuna pakiti ya dawa ya maji na chumvi, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, umpe kwa mikupuo midogo. Vijiko visirundike. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko kukosekana. Mtoto aliyeshinda njaa siku nyingi usimshindilie ugali na nyama. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu hushuka na moyo huweza kusimama. Mpe uji mwepesi, kikombe kidogo, halafu kingine baada ya muda, na umpeleke hospitali aangaliwe.

Kuna jambo la hospitali lisilosubiri, na tunalisema wazi kwa sababu aibu imeua. Njiani wasichana hubakwa, na wavulana pia hubakwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndivyo vizuri. Za kuzuia mimba zinafaa hadi saa 120, ila nguvu yake hupungua kila saa. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuonwa na daktari. Kama ameshabadilisha, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, na polisi hutoa P3, fomu yao ya ripoti ya daktari. Matibabu yasicheleweshwe kwa kungoja fomu ya polisi. Mtoto akitumwa kituoni kwanza "akalete karatasi", saa hizo 72 huyeyukia kwenye foleni.

Yaliyomkuta asiulizwe na kila mtu. Chifu anauliza, polisi anauliza, muuguzi, mchungaji, jirani, mwandishi wa habari. Mtoto hurudia kifo cha baba yake mara sita kwa siku moja, na kila mara anasahau jambo au kuongeza jingine, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Baadaye afisa wa wakimbizi analinganisha maelezo na kuona yanagongana, na kesi inadhoofika. Siku ya kwanza mnahitaji kujua jina, kama anaumwa, kama ana ndugu aliyeachwa njiani, na kama kuna mtu anayemwogopa. Hayo mengine ni ya mtu mmoja aliyefunzwa, tena na mkalimani ambaye si wa upande uliomfukuza. Mtoto wa Bukavu anazungumza Kiswahili, na Wakenya hudhani wameelewana naye. Kiswahili cha Kongo kina mwendo wake. Ulizeni mara mbili.

Watoto wakija wawili au watatu, msiwatenganishe. Kawaida mvulana hupelekwa nyumba ya wavulana na dada yake kwingine, kila mmoja na faili lake, na baada ya mwaka hakuna anayejua walikuja pamoja. Andika jina la kila mmoja katika faili la mwenzake. Hata kama si ndugu wa damu, waliotembea pamoja kutoka Bor, huko Sudan Kusini, wamekuwa familia, na wakitenganishwa hutoroka kutafutana. Hapo ndipo wengi huingia mitaani na kwenye chupa ya gundi.

Kuhusu umri, polisi wetu wana mazoea ya kutazama urefu. Mdinka wa miaka 14 anaweza kumzidi sajini kimo, hivyo anaandikwa miaka 19 na kulazwa seli na watu wazima. Kipimo cha mifupa ya kiganja nacho kinaweza kukosea kwa miaka miwili hivi kwenda juu au chini. Penye shaka achukuliwe kuwa mtoto hadi ithibitike vingine. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto hazuiliwi ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Kuingia nchini bila karatasi kutafuta hifadhi si uhalifu wa kumfungulia mtoto mashtaka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mwombaji siku 30 kujitokeza, na inakataza kumrudisha mtu anakokimbia. Kwa hiyo ofisa anayempandisha mtoto basi la Busia na kumwambia kondakta "mshushie mpakani" amevunja sheria, hata kama amelipa nauli kutoka mfukoni mwake. Na kwa wenye kupenda vifungu, kile cha 14 cha Katiba kinasema mtoto anayepatikana Kenya akionekana hajatimiza miaka minane, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Maafisa wachache hukumbuka hilo.

Kumchukua nyumbani kimyakimya pia si msaada. Mama akimwonea huruma msichana stejini na kumpeleka kwake bila kumwambia mtu, naye amemchukua mtoto bila ruhusa kama yule mjomba, na baada ya miezi mitatu msichana anaosha vyombo watoto wengine wakiwa shuleni. Mwenye nafasi ajiandikishe kwa afisa wa watoto awe mlezi wa muda. Walezi wanahitajika sana, hasa tangu serikali ilipositisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na tunaona ilikuwa sawa kusitisha. Ule msemo wa tenda wema nenda zako haufai hapa. Usiende zako hadi uripoti polisi na upewe namba ya OB, ile ya daftari la matukio la kituo.

Namba hiyo ndiyo inayomfanya mtoto awepo kwa serikali. Iandike, pamoja na saa, jina la kituo na namba ya afisa aliyempokea, na umpe mtoto nakala. Kituo kikiwa na dawati la jinsia na watoto, omba hilo. Simu ya 116 ya watoto haitozwi pesa na hupokelewa usiku na mchana.

Tatizo sugu ni Ijumaa jioni. Magari ya kutoka Kitale na Malaba hushusha abiria usiku, ofisi ya watoto imefungwa, mahakama hadi Jumatatu, na afisa mmoja anahudumia kaunti ndogo nzima kwa gari lisilo na mafuta. Ndipo mtoto analala seli, au kwa aliyemwokota, au kwa mjomba. Siku mbili na nusu zimeenda, na kama alibakwa Ijumaa asubuhi, muda wa dawa umeisha Jumatatu asubuhi akiwa bado anangoja ofisi ifunguliwe.

Kwa hiyo tunawaomba wenye mamlaka katika kaunti za Nakuru, Kisumu, Trans Nzoia, Uasin Gishu, Bungoma na Busia mambo machache yasiyo ya gharama kubwa. Ratiba ya zamu ya afisa wa watoto kwa wikendi, na namba yake ibandikwe kwenye kaunta ya kila kituo cha polisi kilicho karibu na steji. Walezi wa dharura wawili au watatu kwa kila kaunti ndogo, waliokaguliwa mapema, wanaoweza kupokea mtoto saa sita usiku kwa barua ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hadi mahakama ifunguliwe. Orodha ya wakalimani wa Kinuer, Kidinka, Kiarabu, Kirundi, Kinyarwanda na Kiamhari wanaopatikana kwa simu. Na sacco za matatu na mabasi zimwagize kila kondakta aandike mtoto yeyote anayesafiri bila mzazi: alipandia wapi, nani alilipa nauli kwa namba gani ya M-Pesa, na nani anampokea. Mzigo wa viazi huandikiwa stakabadhi yenye jina la mpokeaji katika steji zile zile. Kitabu hicho cha stakabadhi kipo tayari kwenye kila ofisi ya sacco, kinahitaji safu moja zaidi.

Wahudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto,
Nakuru